Nani Aitwe Mkutubi?

Katika toleo lililopita niliwaomba wasomaji wanaofanya kazi katika maktaba waniandikie kuhusu jina la kazi yao: wanaitwaje, nani aliwapa jina hilo, na linawasaidia au linawaumiza. Barua zilizofika zimenilazimu kuyaweka kando maswali mengine yote mpaka mwezi ujao. Nimechagua nne, na majina ya waandishi nimeyahifadhi.

*Shikamoo Mama. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mtumishi katika maktaba ya chuo kimoja mkoani Tabora. Niliajiriwa nikiwa na cheti cha kidato cha nne, na mwaka huu natimiza miaka 14 kwenye kaunta. Wanafunzi na walimu huniita mkutubi, nami nimezoea kuitika. Mwaka jana tuliletewa kijana mwenye shahada. Siku moja mgeni aliuliza mkutubi ni nani, nikainuka kumpokea, na kijana yule akasema mbele ya watu wote: "Huyu ni mhudumu tu, mkutubi ni mimi." Tangu siku hiyo nikiitwa jina hilo naona aibu. Je, nimekuwa nikitumia jina lisilo langu? Na kwa umri huu niende shule au niache? Wa kaunta, Tabora.*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kabla sijakujibu la shule nataka nikuondolee ile aibu, kwa sababu hukuiba kitu cha mtu.

Neno mkutubi limetokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupatia kitabu, katibu na maktaba. Katika mazungumzo ya kila siku ni mtu wa vitabu, yule ambaye ukimfuata na shida yako hukutoa ulipokwama, na wanafunzi walipokuita hivyo hawakuwa wamesoma faili lako la utumishi, walitaja walichokiona. Lakini katika miundo ya utumishi neno hilohilo ni jina la kada yenye sifa zake za kuingilia, madaraja yake na mishahara yake, na anayeajiriwa kuwa Mkutubi Daraja la II huwa na shahada. Kwa maana hiyo ya pili kijana alisema kweli, na wewe unapojaza fomu ya serikali andika cheo kilichomo katika barua yako ya ajira, si kingine. Hata hivyo, kumsahihisha mtu mzima mbele ya mgeni, tena kwa lile neno "tu", ni utovu wa adabu ambao hakuna shahada inayouhalalisha, na ningekuwa mkuu wenu wa maktaba ningemwita faragha siku ileile.

Mstari kati ya mwenye cheti na asiye nacho haukuchorwa na kijana huyo, na ni vizuri ujue umetoka wapi. Hadi kuelekea mwisho wa karne ya 19, Marekani na Uingereza, mtu wa maktaba alijifunza kazi akiwa kazini, kwa kumfuata aliyemtangulia. Mwaka 1887 Melvil Dewey, ambaye mpango wake wa kuainisha vitabu ndio tunaoutumia katika maktaba zetu nyingi, alifungua shule ya ukutubi katika Chuo cha Columbia mjini New York. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 20, na 17 kati yao walikuwa wanawake. Wadhamini wa chuo hawakutaka wanawake, wakamnyima madarasa, naye akaifanyia usafi stoo iliyokuwa juu ya kanisa la chuo na kufundishia humo. Hilo hunijia kila ninaposikia elimu ya ukutubi ikitumiwa kumdhalilisha mwanamke wa kaunta: waliotangulia kuisomea walikuwa watu walionyimwa hata chumba cha kukaa.

Baadaye, mwaka 1923, Charles Williamson alitoa ripoti nchini humo akitaka kazi za maktaba zigawanywe mafungu mawili, za kitaalamu zinazodai elimu ya chuo kikuu, na za kikarani. Mgawanyo huo ulishika mizizi, na leo anayeajiriwa kwa jina la mkutubi Marekani kwa kawaida ana shahada ya uzamili. Waingereza walipita njia nyingine. Chama chao cha maktaba, kilichoundwa mwaka 1877 na kupewa hati ya kifalme mwaka 1898, kilikuwa kikiwatahini watu waliokwisha kuwa kazini, hivi kwamba msaidizi aliyepanga vitabu mchana aliweza kusoma usiku, akafanya mitihani na kupanda hadi kuwa mkutubi kamili. Kwa maoni yangu njia hiyo ilikuwa na utu zaidi, maana haikumtaka mtu aache kaunta ndipo aonekane ana akili.

Kwetu sisi mambo yalikwenda kwa kasi baada ya ripoti ya Sidney Hockey ya mwaka 1960 kuhusu huduma za maktaba Afrika Mashariki. Tanganyika ilitunga sheria ya kuunda bodi ya huduma za maktaba mwaka 1963, Uganda mwaka 1964 na Kenya mwaka 1965, na mwaka huohuo wa 1963 ikaanzishwa Makerere shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki yote. Kwa Tanzania, Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka kilichoko Bagamoyo, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, kilianzishwa mwaka 1989. Chuo hicho kilikusudiwa hasa watu wa kaunta kama wewe.

Sasa nikusimulie jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa mgeni kazini, nikiwa na shahada yangu mkononi, alikuja mzee mmoja akaomba Sheria ya Ardhi. Nilikwenda rafuni bila kusita nikamletea Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, nikamfungulia na ukurasa wa yaliyomo, nikajiona nimemaliza. Msaidizi aliyekaa pembeni yangu, mama wa makamo aliyeishia darasa la saba, akamwuliza taratibu: "Baba, shamba lenyewe liko mjini au kijijini?" Lilikuwa kijijini. Mama akainuka akaleta Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka uleule, ambayo ndiyo inayosema halmashauri ya kijiji ina mamlaka gani juu ya shamba kama lake. Mzee angeondoka na kitabu nilichompa mimi, angekwenda nacho barazani, na angeaibika. Nilikuwa nimefundishwa darasani kwamba msomaji haombi anachokihitaji bali anachodhani kipo, na kwamba kazi yetu ni kumwuliza swali moja zaidi. Niliyafaulu hayo katika mtihani. Yule mama alikuwa akiyatenda.

Kwa hiyo sitakudanganya kwamba cheti ndicho kinachomfanya mtu ajue kazi. Na bado, kuhusu shule, ninakwambia nenda. Mama yule alistaafu kwa mshahara wa mhudumu. Maarifa yake hayakuandikwa popote, aliyemfuata alianza upya, na kila palipoitishwa kikao cha kuamua vitabu gani vinunuliwe, yeye hakualikwa, ingawa ndiye aliyejua watu walikuwa wakiulizia nini. Miaka 14 uliyokaa kaunta imekupa majibu ya maswali ambayo wenzako darasani watakuwa wanayasikia kwa mara ya kwanza, na darasa litakupa majina ya mambo unayoyafanya, ili siku nyingine uweze kuyatetea kwenye kikao. Ukiwa na kidato cha nne, angalia ufaulu wako, kwa kuwa ngazi ya astashahada kwa kawaida hudai masomo manne yasiyo ya dini. Ukivuka hapo, stashahada iko mbele yako, na mtu wa miaka 41 ana miaka mingi ya utumishi ya kuitumia.

Ila usiondoke kama watu wengi wanavyoondoka. Andika barua ya kuomba ruhusa ya masomo, ipitie kwa mkuu wako wa kazi kwenda kwa mwajiri, na omba jina lako liingizwe katika mpango wa mafunzo kabla hujalipa ada ya hata muhula mmoja. Wapo waliosoma kwa siri jioni na wikiendi, wakarudi na cheti, wakaambiwa hakitambuliki katika faili kwa sababu hapakuwa na kibali. Uliza pia, kwa maandishi, mshahara wako utakuwaje utakapobadilishiwa kada, maana wapo walioingia kada mpya wakajikuta ngazi ya chini kuliko waliyoiacha, na jambo hilo ni rahisi kulizungumza kabla kuliko kulirekebisha baadaye. Majibu yote yatunze.

Kuhusu kijana, mwombe akufundishe jinsi namba inayobandikwa mgongoni mwa kitabu inavyojengwa. Atafurahi kuombwa. Ndani ya wiki mbili atakuwa anakuuliza wewe kwa nini wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawaulizi kitu mpaka wakaribie kufungwa kwa mlango.

*Mama, heshima kwako. Nina shahada ya masomo ya habari na maktaba, na ninafanya kazi katika maktaba ya umma. Kila nikienda ukweni, baba mkwe huniuliza mbele ya shemeji zangu: "Kwani kupanga vitabu nako kunasomewa miaka mitatu?" Wote hucheka. Mke wangu ni muuguzi, na hakuna anayemwuliza kama kuchoma sindano kunasomewa. Nimjibu nini? Mkwe, Mwanza.*

Baba mkwe hajibiwi kwa ubishi, hilo unalijua. Lakini swali lake ni la watu wengi, na mwenye kosa si yeye peke yake: sisi tumezoea kuonyesha rafu zilizopangika na kuficha kazi iliyozipanga.

Siku moja akija mjini mkaribishe kazini, mketishe karibu na sanduku la vitabu vipya, na umwombe akusaidie kuamua kitabu kimoja tu kikae wapi. Chukua, tuseme, kitabu kinachoeleza wanawake wa Zanzibar wanavyolima mwani pwani na kuuza. Je, ni kitabu cha kilimo? Cha mazao ya bahari? Cha biashara? Cha wanawake? Ukikiweka kwenye kilimo, mwanafunzi anayeandika kuhusu kipato cha wanawake hatakutana nacho kamwe kwa macho. Ukikiweka kwa wanawake, bibi shamba atapita mbele ya rafu yake mwaka mzima bila kujua kipo. Kitabu kina mahali pamoja pa kukaa, lakini katalogi inaweza kukitaja mara nne, na kujua mara hizo nne ni zipi, kwa maneno gani, ndiko kunakosomewa.

Kisha mwonyeshe maneno. Mama mwenye mtoto anayekakamaa kwa homa anakuja na neno degedege. Kitabu kinachomfaa hakina neno hilo kwenye jalada. Kimeandikwa kwa lugha ya kitabibu. Asiye na mafunzo atampa kilichoandikwa kifafa, kwa sababu dalili zinafanana, na ugonjwa ni mwingine. Mkutubi ndiye anayehakikisha kwamba anayeingia na neno la nyumbani kwao anakifikia kitabu cha daktari bila kupotezwa njiani, na kwamba vitabu viwili vinavyofanana kwa mbali havichanganywi. Mkeo muuguzi atalielewa hili upesi, na huenda yeye ndiye akamweleza baba yake vizuri kuliko wewe.

Namba zenyewe pia zina mambo. Katika mpango wa Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, kundi la 200 ni la dini. Ukristo umepewa sehemu kubwa ya kundi hilo, takriban kuanzia 220 hadi 280, na Uislamu, pamoja na tafsiri zake na historia yake, umebanwa ndani ya 297. Katika maktaba ya mji wa pwani hiyo 297 hujaa mpaka namba zinakuwa ndefu kupita upana wa mgongo wa kitabu, huku rafu za jirani zikiwa na nafasi. Fasihi ya Kiswahili nayo imewekwa mbali kabisa, 896.392, ndani ya kichumba kimoja na lugha nyingi za Kiafrika, na ushairi wetu ukaongezewa tarakimu moja zaidi nyuma. Aliyesoma anajua kwamba mpangilio huu uliwekwa na watu wa mahali fulani wenye mtazamo fulani; anajua lini aufuate ili maktaba yake ielewane na nyingine, na lini aongeze bango, kielekezi au rafu ya pekee ili msomaji wake asisumbuke kwa sababu ya mawazo ya mtu wa New York wa karne ya 19. Vivyo hivyo kwa majina ya waandishi. Kanuni zilizotungwa Ulaya zinataka jina la ukoo litangulie, na mwandishi wetu ana jina lake, "bin", na jina la baba yake. Ukimgeuza, watu wake hawatampata. Uamuzi huo hufanywa mara moja, huandikwa, na hufuatwa na kila atakayekuja baada yako.

Nina neno kwako wewe pia, mwanangu. Wahitimu wengi wa siku hizi hukimbilia ofisi ya nyuma, kwenye kompyuta yenye Koha, programu ya kuendeshea shughuli za maktaba, wakamwachia kaunta mtu wa kidato cha nne, kisha wakalalamika kwamba umma hauwatambui. Umma utamtambuaje mtu usiyemwona? Jipangie saa mbili za kaunta kila siku. Hapo hata baba mkwe ataanza kusikia habari zako kwa watu wengine.

*Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari mkoani Iringa. Mkuu wa shule amenikabidhi ufunguo wa maktaba na kunipunguzia vipindi vinne. Je, naweza kusaini barua za kuomba vitabu kama "Mkutubi wa Shule"? Mwalimu.*

Hapana, Mwalimu. Saini "Mwalimu Msimamizi wa Maktaba", jina ambalo ni la kweli na linatosha. Anayepokea barua yako akiona neno mkutubi atadhani shule imeajiri mtu wa kada hiyo, na siku mkuu wako atakapoomba nafasi ya ajira ataambiwa tayari mnaye. Kwa kujipa cheo hicho utakuwa umemfungia mlango mhitimu anayetafuta kazi, na shule yenu itabaki na mwalimu mwenye vipindi pungufu badala ya mkutubi.

Usione kwamba nakudharau. S. R. Ranganathan wa India, ambaye wakutubi wa dunia nzima wanamhesabu miongoni mwa walimu wao wakubwa, alikuwa mwalimu wa hisabati alipoteuliwa kuongoza maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924, bila kuwa amesomea kazi hiyo hata siku moja. Akaenda London akasoma, akazunguka kutazama maktaba za Uingereza, akarudi, na mwaka 1931 akaitoa kwa maandishi misingi mitano ya ukutubi inayofundishwa mpaka leo. Wa kwanza wake ni kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Kwa hiyo, kabla hujafikiria saini, fungua yale makabati yenye kufuli. Anzisha rejesta yenye namba kwa kila kitabu, chagua wanafunzi wanane wa kukusaidia kuazimisha, na tembelea maktaba ya mkoa uwaombe wakutubi wake wakuonyeshe wanavyofanya. Wengi wao wataona fahari kuulizwa.

*Bi. Mkutubi, salamu sana kutoka Mombasa. Nilihitimu Chuo Kikuu cha Moi, na nimefanya kazi katika maktaba tatu. Ndugu yangu muuguzi ana leseni. Akikosea, baraza lake linaweza kumnyang'anya. Mimi sijawahi kuulizwa leseni popote, na mahali nilipo sasa mkuu wetu wa maktaba aliletwa kutoka idara ya ununuzi. Je, hatujafika wakati wa kuwa na sheria ya kusajili wakutubi? Msomaji wa kila toleo.*

Wa alaikum salaam kwa salamu zako. Swali lako lina pande mbili, nami nimebadilika mawazo juu yake kwa miaka hii, kwa hiyo nitakueleza nilipofika sasa.

Nchi zilizofanya hivyo zipo. Ufilipino ilitunga sheria mwaka 1990 inayomtaka mkutubi kufanya mtihani wa serikali na kupewa leseni, kisha ikaibadilisha kwa ile inayojulikana kama Sheria ya Ukutubi ya Ufilipino ya 2003. Nigeria iliunda baraza la kusajili wakutubi kwa amri ya mwaka 1995. Uingereza, kwa upande mwingine, haimlazimishi mtu: chama chao hutoa hadhi ya mkutubi aliyeidhinishwa kwa anayeiomba na kuonyesha kazi zake, na asiyeiomba hafukuzwi.

Zamani nilikuwa upande wa sheria bila masharti, kwa sababu hiyohiyo uliyoitaja. Niliona maktaba zikigeuzwa mahali pa kumpumzishia mtumishi aliyeshindwa idara nyingine, au anayengoja kustaafu, na iliniuma kwamba hakuna anayethubutu kumpeleka mtu wa namna hiyo kuongoza wodi au maabara. Leseni ingelizuia hilo. Lakini nikiisoma barua ya mwenzako wa Tabora hapo juu, naogopa sheria itakayoandikwa na wenye shahada peke yao. Itamwacha nje siku ya kwanza. Sheria nitakayoiunga mkono ni ile yenye mlango wa waliomo kazini: muda wa kutosha wa kusoma, mtihani unaoweza kufanywa bila kuacha kazi, na kuhesabiwa kwa miaka ya utumishi iliyothibitishwa na mwajiri. Njia ya kupanda kutoka kaunta imewahi kuwapo katika taaluma yetu, na inaweza kurudi.

Jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa, ni kwamba leseni isiwe karatasi ya kuonyesha ulichosoma tu. Leseni ya ndugu yako ina nguvu kwa kuwa inaweza kuondolewa. Ni kosa gani litakalomwondolea mkutubi leseni yake? Shirikisho la Kimataifa la Vyama na Taasisi za Maktaba lilitoa kanuni za maadili mwaka 2012, na miongoni mwake ni kulinda siri ya msomaji: anachosoma, anachoazima, anachouliza. Kanuni ni nzuri, lakini hazina meno mpaka nchi izipe.

Miaka michache iliyopita, katika maktaba nisiyoitaja, mwanamume alifika kaunta akiwa na kadi ya mkewe. Akasema kwa upole kwamba mkewe anaumwa, naye ametumwa kuuliza ni vitabu gani viko mikononi mwake ili virudishwe. Aliyekuwa zamu alikuwa kijana wa mafunzo kwa vitendo, hajahitimu bado. Akaichukua kadi, akatazama kwenye kompyuta, akaona kitabu kimoja tu, kinachohusu sheria ya ndoa na talaka. Alinyamaza kidogo. Kisha akairudisha kadi kwa mikono miwili, akasema maktaba haitoi habari za kadi ila kwa mwenye kadi, na kwamba kama mama anaumwa wako tayari kumwongezea muda bila faini, amtakie tu afya njema. Mwanamume alisisitiza, akapandisha sauti, akataka kumwona mkubwa. Mkubwa alitoka, akasikiliza, na akarudia yaleyale kwa maneno yaleyale. Ukiniuliza baraza la usajili lianzie wapi kuandika mtihani wake, ningelitaka lianzie hapo.

Mume aliondoka bila jibu. Mkewe alikirudisha kitabu wiki iliyofuata, siku tatu kabla ya tarehe.